Saa Haijui Jembe

Hakuna saa ya mkononi inayopima kalori. Kwa kalori, saa janja inategemea hasa mambo mawili: jinsi mkono ulivyotikisika, na jinsi damu ilivyopita chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Namba ya kalori inayotokea kwenye kioo jioni ni matokeo ya mambo hayo mawili kuingizwa kwenye hesabu, pamoja na umri, jinsia, urefu na uzito ambao mwenye saa aliuandika siku alipoiwasha kwa mara ya kwanza. Hesabu yenyewe ni siri ya kampuni iliyotengeneza saa. Anayeisoma namba hiyo anasoma makisio, na ni haki yake kujua makisio hayo yalijengwa juu ya miili ya nani na juu ya kazi gani.

Nimechagua kuliuliza swali hili Ifakara, na nina sababu. Mji huu umekaa katikati ya Bonde la Kilombero, Milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili, na ndani ya mwendo wa baiskeli utawakuta watu wa aina mbili ambao saa hii inawagusa kwa namna tofauti kabisa. Yupo mwalimu, muuguzi au ofisa wa halmashauri ambaye daktari amemwambia sukari na presha vinapanda, naye jioni anavaa raba na kutembea kwa kasi ili achome kalori. Na yupo mkulima wa mpunga anayezichoma tangu alfajiri apende asipende, ambaye shida yake ni kama chakula kilichobaki ndani kitazirudisha. Wa kwanza saa inamdanganya. Wa pili haimwoni kabisa.

Kupima nishati ya mwili si jambo jipya, wala halishindikani. Ufaransa, katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka mnyama mdogo wa kufugwa aitwaye simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto lake, wakalinganisha na hewa aliyoitoa. Walichokiona ndicho msingi wa yote yaliyofuata: kupumua ni kuunguza, polepole, bila moto. Miaka mia moja na zaidi baadaye, Marekani, Wilbur Atwater akajenga chumba ambamo mtu mzima aliweza kukaa siku kadhaa, akila, akilala na kuendesha baiskeli iliyofungwa sakafuni, huku joto na hewa yake vyote vikipimwa. Ndipo ikajulikana kwamba hakuna haja ya kupima joto lenyewe. Ukijua oksijeni aliyoivuta mtu, umeijua nishati aliyoitumia: kila lita moja ya oksijeni ni takribani kalori tano. (Kalori ninazozitaja katika sura hii ni zile za kwenye pakiti za vyakula, ambazo wataalamu huziita kilokalori.)

Kipimo cha oksijeni kinataka barakoa usoni na mashine pembeni, kwa hiyo hakimfuati mtu shambani kwa wiki nzima. Njia inayomfuata ni ya maji mazito, na naieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo hakimu wa saa zote. Mtu anakunywa maji kiasi kidogo ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni za aina nzito kuliko kawaida. Hazina mionzi, hazina madhara, hazina hata ladha. Haidrojeni nzito inatoka mwilini kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito inatoka kwa njia hizo hizo na kwa nyingine moja zaidi, yaani hewa ya kaboni dioksaidi tunayoitoa tukipumua. Kwa hiyo oksijeni nzito inapungua haraka kuliko haidrojeni nzito, na tofauti ya kasi hizo mbili ndiyo kaboni dioksaidi aliyoitoa mtu siku zote hizo, akiwa analima, analala au anapika. Kinachohitajika kwake ni vichupa vichache vya mkojo katika muda wa wiki moja au mbili. Nathan Lifson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waligundua msingi wa njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini maji hayo yalikuwa ghali mno kwa mwili mkubwa kama wa binadamu, na watu hawakupimwa nayo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata leo si rahisi. Lakini ni ya kweli, na kosa lake kwa kawaida ni asilimia chache tu.

Saa haina barakoa wala maji mazito. Inacho kihisi cha mwendo, chembe ndogo inayojua ikisukumwa mbele, nyuma, juu au chini, na inazo taa ndogo za kijani kwenye mgongo wake. Damu inakunywa mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye mishipa midogo na mwanga unaorudi unapungua, kisha unaongezeka tena. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko na kukuambia mapigo yako ni 84 au 131. Kutoka hapo inaruka. Inachukulia kwamba moyo ukipiga hivi, kwa mtu wa uzito huu na umri huu, oksijeni inayotumika itakuwa kiasi fulani, na kwamba mkono ukitikisika hivi mtu anatembea, ukitikisika vile anakimbia. Pale ambapo haina uhakika, inarudi kwenye majedwali ya zamani ya wastani.

Majedwali hayo yana kanuni moja inayofaa kukumbukwa. Mtu aliyetulia anatumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila saa. Kutembea kwa mwendo wa kawaida wa haraka kunazidisha kiasi hicho mara tatu na nusu hivi. Basi mtu wa kilo 60 akitembea saa nzima jioni, jedwali litampa kalori 210. Lakini katika hizo 210, kalori 60 angezitumia hata kama angebaki amekaa barazani akiongea na jirani. Kutembea kumemwongezea 150. Vifaa vingine vinaonyesha namba ya kwanza, vingine ya pili, vingine vinaonyesha zote mbili kwa majina yanayofanana, na mwenye saa anachukua iliyo kubwa. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina kalori karibu 150. Saa nzima ya kutembea na chupa moja ya soda ni sawa kwa sawa, na hapo bado saa haijakosea chochote.

Inakosea, na kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na daktari wa moyo Euan Ashley walichapisha jaribio la vifaa saba, miongoni mwao Apple Watch, Fitbit Surge na Samsung Gear S2. Waliwavisha watu 60, wanawake 31 na wanaume 29, wakawatembeza, wakawakimbiza na kuwapandisha baiskeli huku hewa yao ikipimwa. Kwa mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikuwa na kosa chini ya asilimia 5. Hayo ni mafanikio ya kweli ya ufundi, na nayasema bila kusita. Kwa kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kilichofanya vibaya kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 93. Mapitio yaliyotolewa mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 158 za saa na bangili za makampuni mbalimbali, yalifika mahali pale pale: hatua na mapigo ya moyo yanaaminika kiasi katika mazingira ya maabara, kalori haziaminiki kwa kampuni hata moja.

Saa zimebadilika tangu hapo, na toleo jipya hutoka kila mwaka. Lakini tatizo la kalori si la taa wala la betri. Watu wawili wenye umri mmoja, uzito mmoja na mapigo ya moyo yale yale wanaweza kutumia nishati tofauti, kwa sababu mmoja ana misuli mingi na mwingine mafuta mengi, mmoja amezoea kazi ile na mwingine anaifanya mara ya kwanza. Taarifa hizo haziko kwenye kifundo cha mkono. Taa iwe nzuri namna gani, haiwezi kusoma kitu ambacho hakipo pale inapomulika.

Sasa tuongeze mambo ya Ifakara yenyewe. La kwanza ni joto. Bonde liko chini, unyevu ni mwingi, na mchana wa Februari jasho halikauki mwilini. Katika hali hiyo mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile. Mtu anayetembea saa nane mchana kwenye barabara isiyo na kivuli anaweza kuwa na mapigo mengi kuliko aliyetembea umbali huo huo asubuhi na mapema, ingawa miguu imefanya kazi moja. Saa inayofuata moyo itamwandikia kalori za ziada ambazo hakuzichoma. Vivyo hivyo kwa aliyekosa maji ya kunywa, aliyeshtuka, au ambaye homa inaanza kumpanda. Katika bonde ambalo malaria imekuwa sehemu ya maisha kwa vizazi, mapigo ya juu siku moja yanaweza kuwa dalili ya kwenda zahanati, wakati saa inayasherehekea kama mazoezi.

La pili ni ngozi. Melanini nayo inakunywa mwanga wa kijani, na jaribio la Stanford liliona kosa la mapigo ya moyo likiwa kubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilichunguza jambo hilo kwa watu 53 mwaka 2020, na hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Walichokiona ni kosa kuongezeka kwa wastani wa asilimia 30 mtu akiwa kwenye shughuli kuliko akiwa ametulia. Mimi naona hoja ya ngozi isitupwe na pia isikuzwe. Kubwa kuliko ngozi ni shughuli, na hapo ndipo Kilombero inapoachana kabisa na maabara.

Tuseme binti anayefanya kazi Dar es Salaam amerudi kwao upande wa Lupiro wakati wa mavuno, akamvisha mama yake saa yake mkono wa kushoto. Mama ameinama tangu umande haujakauka. Mkono wa kulia umeshika mundu, wa kushoto unakusanya mashina ya mpunga, unayabana, unasubiri yakatwe, unayalaza pembeni. Miguu inasogea nusu hatua. Kiuno, mapaja na mgongo vimekaza muda wote, na hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho saa inakigusa. Saa sita mchana binti anasoma kioo.

"Mama, inasema tangu asubuhi hujatembea."

"Nitembee niende wapi, mwanangu? Si nakata mpunga?"

Jioni mpunga unapurwa. Miganda imemwagwa juu ya turubai, na mama amesimama anaipiga kwa fimbo, mikono inapanda juu ya kichwa na kushuka, inapanda na kushuka. Safari hii saa inajaza hatua kwa mamia, ilhali mama hajaondoka alipo. Kesho yake akitwanga kwenye kinu itafanya hivyo hivyo. Akipanda baiskeli kupeleka gunia mashineni kukoboa, mikono imeshika usukani na saa inamwona mtu aliyetulia, labda iokolewe na mapigo ya moyo. Na zikifika siku za kuamia ndege, amekaa kwenye dungu anavuta kamba na kurusha mawe kwa teo, saa itamwona mwanariadha. Makosa haya hayafutani yakijumlishwa, kwa sababu kazi nzito za kuinama na kukaza misuli, kulima kwa jembe la mkono, kupalilia, kuvuna, ndizo zinazochukua siku nyingi.

Jambo la mzigo wa kichwani linastahili nafasi yake. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya, Geoffrey Maloiy wa Nairobi na C. Richard Taylor wa Harvard wakiwa miongoni mwa waandishi wake. Waliwapima oksijeni wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo juu ya kichwa na wanawake wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wakitembea juu ya mkanda wa mashine. Walichokikuta kilikuwa cha kushangaza. Mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo. Ukizidi hapo, matumizi yalipanda kwa kile kilichozidi tu. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure, na ndoo ya lita 20 inamwongezea gharama ya asilimia 13 hivi badala ya 33. Askari wanaobeba mabegi mgongoni hawapati nafuu hiyo. Kila kilo inawagharimu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza sababu: wanawake wale, wakiwa na mzigo, walikuwa wanahifadhi vizuri zaidi nguvu inayopatikana mwili unaposhuka katika kila hatua, na kuitumia kuunyanyua tena katika hatua inayofuata. Ni ujuzi unaojengwa tangu utotoni, na haukuandikwa popote zaidi ya kwenye shingo na nyonga za waliojifunza.

Utafiti wa baadaye kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa kila mtu. Wengine walibeba kwa wepesi mkubwa, wengine walitumia nguvu nyingi kama mtu yeyote. Kwangu hilo haliuondoi utafiti wa Kenya, linaukamilisha. Linasema kwamba hata wanawake wawili wa kijiji kimoja, wenye ndoo zinazolingana kwenye njia moja ya kisimani, si lazima watumie nishati sawa. Na saa inafanya nini hapo? Haijui kama kuna ndoo. Mkono mmoja umeinuliwa kushikilia, hauchezi, hivyo hatua nyingine zinapotea. Mzigo ukiwa mdogo, saa inaweza kuwa sahihi kwa sababu tu haikujua, na fundi atakayeiongezea kitufe cha kuandika uzito wa mzigo, kwa nia njema, ataikosesha.

Wanaotumia saa hizi kupunguza uzito wanahitaji kusikia habari nyingine iliyotoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya maji mazito vya Wahadzabe 30 wa kando ya Ziwa Eyasi, wanaume 13 na wanawake 17. Wahadzabe wanawinda, wanachimba mizizi, wanafuata asali. Wanaume katika utafiti ule walitembea zaidi ya kilometa 11 kwa siku. Kila aliyesubiri majibu alitarajia namba kubwa mno. Wanaume walitumia wastani wa kalori 2,649 kwa siku, wanawake 1,877, na ukizingatia ukubwa wa miili yao, hawakupishana na wakazi wa Marekani na Ulaya wanaokaa kwenye viti na magari. Maelezo anayoyapendekeza Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukiuzoesha kazi nyingi kwa muda mrefu, unabana mahali pengine, kwenye shughuli za ndani zisizoonekana, ili jumla ya siku isipande sana. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa ubanaji huo. Lakini vipimo vyenyewe vimesimama, na vinaigusa saa moja kwa moja, kwa sababu saa inajumlisha: kalori za kukaa, ukiongeza za kutembea, ukiongeza za ngazi. Mwili haujumlishi hivyo.

Ndiyo maana sikushangazwa na matokeo ya jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, la mwaka 2016. Watu 471 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito waligawanywa. Baadhi walivishwa kwenye mkono wa juu kifaa cha kufuatilia nishati, wengine wakaendelea na ushauri wa kawaida na kujiandikia. Baada ya miezi 24 wasio na kifaa walikuwa wamepungua kilo 5.9 kwa wastani. Wenye kifaa, kilo 3.5. Jaribio lile halikuthibitisha sababu, lakini ninaijua njia moja inayowezekana kwa sababu naiona kila siku kwenye meza za mama ntilie: mtu akishaambiwa amechoma kalori 600, anajiona ana ruhusa. Sahani moja ya wali, gramu 400 za wali uliopikwa, ina kalori zaidi ya 500 kabla hujamwagia maharage au mchuzi. Kosa la asilimia 27 juu ya 600 ni kalori 160 hivi, na kosa hilo likijirudia kila siku linatosha kukuacha na uzito ule ule mwaka mzima ukijiuliza umekosea wapi.

Kwa mwalimu na muuguzi wangu wa jioni, basi, ushauri ni mfupi. Tazama mapigo ya moyo ukiwa umepumzika asubuhi. Yakishuka polepole mwezi kwa mwezi, moyo unapata nguvu, na hilo saa inalijua vizuri. Tazama hatua, ulinganishe wiki yako hii na wiki yako iliyopita, usijilinganishe na jirani mwenye saa ya kampuni nyingine. Zile hatua 10,000 usizifanye amri: zilitoka Japani mwaka 1965 kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo, na hazikutoka hospitali yoyote. Kwa uzito, mizani ya zahanati na sentimeta za kiunoni zitakuambia zaidi. Namba ya kalori iache ipite. Ukitembea kila jioni kuelekea Daraja la Kilombero na kurudi, sukari na presha vitafaidika hata kama saa imeishiwa chaji.

Ninalolijali zaidi liko upande wa pili, kwa yule ambaye hajawahi kuivaa. Namba za nishati haziishii kwenye saa. Mashirika yanayopanga chakula yanazitumia kuamua mtu anahitaji kula kiasi gani. Wataalamu wa FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao iliyochapishwa mwaka 2004, waliwagawa watu wazima kwa kuzidisha nishati ya kupumzika: anayekaa ofisini mara 1.40 hadi 1.69, mwenye shughuli za wastani hadi 1.99, na wenye kazi nzito, mkulima asiye na mashine akiwemo, mara 2.00 hadi 2.40. Ni ngazi nzuri. Lakini mkulima mmoja hakai ngazi moja mwaka mzima. Kilombero kazi inapanda na mvua. Mashamba yanalimwa na kupandwa kuelekea mwisho wa mwaka na kuingia Januari, palizi inafuata, na hizo ndizo wiki ambazo mpunga wa mwaka uliopita umekwisha au umeshauzwa, unga unanunuliwa kwa kilo, na familia nyingi zimehamia vibanda vya shambani mbali na duka na zahanati. Nishati nyingi inatoka wakati ambapo chakula kidogo kinaingia, na miongoni mwa walioinama na majembe wamo wajawazito.

Gambia walilipima jambo hili. Katika eneo la kijiji cha Keneba, wanawake walipimwa kwa maji mazito msimu wa kilimo ukiwa umepamba moto, na nishati waliyoitumia ilikuwa juu sana. Huko huko ilionekana watoto wanaozaliwa msimu wa njaa ni wepesi kuliko wa msimu wa chakula, na jaribio lililochapishwa mwaka 1997 lilionyesha kwamba kuwapa wajawazito biskuti maalumu zenye nishati nyingi kulipunguza watoto wa uzito mdogo, na hasa katika msimu ule mgumu. Wahadzabe wa Eyasi na wakulima wa Keneba hawapingani. Mwili unaobana matumizi ili ubaki ndani ya bajeti ni mwili unaochukua kutoka mahali fulani, na kwa mjamzito mahali hapo panaweza kuwa mtoto.

Mwaka 2021 Pontzer na watafiti wengi wa dunia walikusanya vipimo vya maji mazito vya watu 6,421 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Ilikuwa hazina kubwa kuliko yoyote iliyokuwa imekusanywa mpaka wakati huo, na bado watu wa nchi tajiri walijaa humo kuliko wakulima wa jembe. Kuwapima wakulima hao kwa maji mazito, Ifakara haianzi kutoka sifuri. Taasisi ya Afya Ifakara imetokana na maabara ya Waswisi iliyofunguliwa miaka ya 1950, na mwaka 1996 watumishi wake walianza kupita nyumba kwa nyumba bondeni kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Wamewafuata watu hadi kwenye vibanda vya mashambani kuhesabu vyandarua na mbu. Kubeba vichupa vya mkojo kwenye kisanduku cha baridi si kazi ngumu kuliko kunasa mbu usiku kucha.

Kinachotakiwa ni kupima watu wale wale mara mbili: mara moja katikati ya palizi, na mara nyingine mwezi wa nane, mpunga ukiwa ndani na kazi imepungua. Wapimwe wanaolima kwa jembe la mkono na wanaolima kwa pawatila, wanawake na wanaume, na uzito wao uandikwe kila wiki. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ingekuwa kiasi cha chakula ambacho kila palizi inadai juu ya mlo wa kawaida, kwa kalori, na kutoka kalori mtu anaweza kuhesabu kilo za mchele: gramu mia za mchele mkavu ni kalori 360 hivi. Kliniki ya wajawazito ingejua imwambie mama ale nini cha ziada Januari, na chama cha wakulima kingejua ni magunia mangapi kila kaya isiyauze mwezi wa saba.